Nyonga imebadilishwa, mbona bado anachoka? Fahamu kazi ya damu katika kurudi kutembea

Kwenye kipindi chetu cha afya tunapokea maswali ya aina hii mara kwa mara. "Mama alibadilishiwa nyonga wiki tatu zilizopita. Yale maumivu ya zamani yameisha na kidonda kinakauka vizuri, lakini akitoka kitandani hadi mlangoni anahema kama aliyepanda mlima. Je, kile chuma kimemkataa?" Mwingine anauliza: "Baba anataka kulala tu. Tukimhimiza mazoezi anakasirika. Ni uvivu au ni uzee?"

Mara nyingi chuma hakina kosa, na mgonjwa si mvivu. Kinachomwangusha ni damu. Upasuaji wa nyonga hupunguza damu, na damu ikipungua miguu hukosa nguvu hata kama kiungo kipya kimekaa sawasawa. Jambo hili likijulikana mapema linaweza kuzuilika kwa kiasi kikubwa. Lisipojulikana, mgonjwa hulala, misuli hulegea, na upasuaji uliogharimu fedha na safari ndefu huishia kumwacha mtu kitandani.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini damu hupungua, nini kifanyike kabla na baada ya upasuaji, na jinsi familia inavyoweza kumsaidia mgonjwa kurudi kutembea bila kumchosha na bila kumlaza.

Nyonga bandia ni nini?

Nyonga ni kiungo kinachounganisha paja na kiuno. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo kama mpira mdogo, nacho huzunguka ndani ya kikombe kilichomo kwenye mfupa wa kiuno. Mpira na kikombe vimefunikwa na gegedu laini, ndiyo maana mtu mwenye afya anatembea, anainama na kuchuchumaa bila kusikia maumivu.

Kiungo hiki huharibika kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni gegedu kulika kadiri miaka inavyokwenda, mifupa ikaanza kusagana. Ya pili ni kuvunjika kwa shingo ya mfupa wa paja, jambo linalowapata zaidi wazee wanapoanguka, kwa sababu mifupa yao imepungua uimara. Ya tatu ni kichwa cha mfupa kufa kwa kukosa damu. Hii huwapata hata vijana, hasa wenye selimundu, na tutaizungumzia huko mbele.

Katika upasuaji, daktari hukiondoa kichwa kilichoharibika, akaweka kipande cha chuma ndani ya mfupa wa paja na kikombe kipya kwenye kiuno. Njia inayotumika leo ilipata msingi wake mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, kwa kazi ya daktari John Charnley. Hapa Tanzania upasuaji huu hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, yaani MOI, jijini Dar es Salaam, na pia katika baadhi ya hospitali za rufaa.

Kwa nini damu hupungua?

Mfupa si kitu kikavu kama tunavyouona buchani. Mfupa wa mtu aliye hai una mishipa mingi, na ndani yake kuna uboho, ambao ndio kiwanda cha damu. Ukikatwa na kuchongwa, unavuja. Damu nyingine huvuja kwenye misuli ya paja baada ya kidonda kushonwa, na hiyo haionekani kwenye bandeji. Ndiyo maana paja huvimba na kubadilika rangi siku chache baada ya upasuaji.

Ukijumlisha inayoonekana na isiyoonekana, mgonjwa anaweza kupoteza kiasi cha lita moja, wengine pungufu, wengine zaidi. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu mwilini. Kwa hiyo karibu sehemu moja kati ya tano inaweza kuondoka.

Hospitali hupima jambo hili kwa kuangalia wekundu wa damu. Kwenye karatasi ya majibu huandikwa Hb. Wekundu huo ndio unaobeba hewa safi ya oksijeni kutoka kwenye mapafu kwenda kwenye misuli, moyo na ubongo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwanamume mwenye wekundu chini ya 13 ana upungufu wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, mpaka ni 12.

Baada ya kubadilishiwa nyonga, wekundu huweza kushuka kwa 3 hivi. Sasa piga hesabu ya wagonjwa wawili. Wa kwanza aliingia chumba cha upasuaji akiwa na 14. Ametoka na 11. Atachoka kidogo, lakini kesho yake anaweza kusimama na kupiga hatua. Wa pili aliingia na 10 na nusu. Huyo ametoka na 7 na nusu. Akiinuka, kichwa kinazunguka, moyo unaenda mbio, magoti yanalegea. Wote wamefanyiwa upasuaji uleule. Tofauti yao ilikuwepo kabla hawajafika hospitali.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii. Kutembea kwa magongo au kwa fremu ni kazi nzito kuliko kutembea kawaida, kwa sababu mikono, mabega na mguu mzima vinabeba mzigo wa mguu unaouguzwa. Mgonjwa anahitaji oksijeni zaidi katika kipindi kilekile ambacho damu ya kuibeba imepungua. Ukiona anahema baada ya hatua kumi, usimcheke wala usimkaripie.

Kazi inaanza kabla ya upasuaji

Kama upasuaji umepangwa, si wa dharura, omba kupimwa wekundu wa damu mwezi mmoja hadi mwezi mmoja na nusu kabla ya tarehe. Kipimo hiki ni cha tone la damu tu, na hufanyika kwenye vituo vya afya vingi. Usisubiri kupimwa asubuhi ya kulazwa, maana hapo muda wa kurekebisha umekwisha.

Ikionekana damu ni kidogo, kazi haijaisha kwa kupewa vidonge. Lazima itafutwe sababu. Katika vijiji vyetu sababu za kawaida ni hizi:

Minyoo ya safura, inayoingia kupitia ngozi ya miguu peku na kunyonya damu kidogo kidogo ndani ya utumbo.

Malaria ya kujirudia, ambayo huvunja chembe za damu.

Kichocho, hasa kwa wanaovua, wanaolima mpunga au wanaoteka maji kwenye mito, mabwawa na maziwa. Aina moja husababisha damu kwenye mkojo, nyingine hushambulia utumbo na ini.

Hedhi nzito na uzazi wa karibu karibu kwa wanawake.

Chakula chenye madini chuma kidogo, na tabia ya kula udongo, ambayo huzuia madini hayo kuingia mwilini.

Dawa za maumivu. Hii tunaomba msikilizaji uishike vizuri. Mtu mwenye nyonga mbovu anaweza kuishi miaka kadhaa kwa diklofenaki na dawa za aina hiyo anazonunua dukani. Zinatuliza maumivu, lakini zikitumika muda mrefu zinaweza kusababisha vidonda vya tumbo vinavyovuja damu kimyakimya. Mgonjwa anafika kwenye upasuaji akiwa amepungukiwa damu kwa sababu ya dawa ileile iliyomsaidia kusubiri. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, pamoja na za kienyeji. Na kama choo chako ni cheusi, kinanata kama lami na kina harufu kali isiyo ya kawaida, sema mapema.

Mzee aliyepungukiwa madini chuma bila sababu inayojulikana achunguzwe tumbo na utumbo. Wakati mwingine hapo ndipo ugonjwa mwingine mkubwa hugunduliwa.

Wapo wanaoogopa kwamba wakisema damu ni kidogo, upasuaji utaahirishwa na watapoteza nafasi kwenye foleni. Tunaelewa hofu hiyo, hasa kwa aliyekwisha kukopa nauli. Lakini nyonga iliyolika taratibu kwa miaka inaweza kusubiri wiki sita. Wiki hizo zikitumika kujenga damu, zinaweza kukuepusha na miezi ya kulala kitandani.

Kwa aliyevunjika nyonga hali ni tofauti. Huyo hapaswi kusubiri wiki nyingi nyumbani akila mboga za majani ili damu ipande. Anatakiwa kufikishwa hospitali haraka, na upungufu wa damu hushughulikiwa hukohuko wakati anaandaliwa. Mzee aliyeanguka, akashindwa kusimama, na mguu ukaonekana mfupi au umegeukia nje, asikandwe wala kuvutwa. Apelekwe.

Kwa nini vidonge baada ya upasuaji havifanyi kazi haraka?

Swali hili huwachanganya wengi. Mgonjwa anarudi nyumbani na vidonge vya kuongeza damu, anameza kila siku, na wiki mbili baadaye wekundu haujapanda sana. Familia inasema dawa ni feki.

Ukweli ni kwamba mwili wenye jeraha kubwa hubadili utaratibu wake. Ini hutoa kichocheo kinachofunga mlango wa madini chuma kwenye utumbo, kama unavyofanya mwili unapopambana na wadudu wa magonjwa. Kwa hiyo katika siku na wiki za mwanzo baada ya upasuaji, chuma kingi unachomeza hupita tu. Jeraha linavyopoa, mlango hufunguka taratibu.

Ndiyo sababu tunarudia kusema kwamba wakati mzuri wa kumeza vidonge ni kabla ya upasuaji, mwili ukiwa umetulia. Kwa wenye upungufu mkubwa, au wasiovumilia vidonge, baadhi ya hospitali hutoa madini chuma kwa njia ya mshipa. Madaktari pia wanayo dawa inayopunguza kuvuja damu wakati wa upasuaji. Hayo ni mambo ya kumuuliza daktari wako.

Kwa kawaida wekundu huwa chini kabisa siku chache za kwanza, kisha huanza kupanda. Wengi hukaribia hali yao ya zamani ndani ya wiki sita hadi miezi mitatu. Aliyeingia akiwa hana akiba ya chuma huchukua muda mrefu zaidi.

Je, aongezewe damu ili apate nguvu?

Ndugu wengi hudai mgonjwa aongezewe damu ili "aamke". Daktari akikataa, wanaona mgonjwa wao ametelekezwa. Hapa tuna ushahidi mzuri wa kutuongoza.

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Marekani na Kanada kwa wagonjwa 2,016 wa miaka 50 na kuendelea, waliofanyiwa upasuaji baada ya kuvunjika nyonga. Wote walikuwa na ugonjwa wa moyo au hali zinazouhatarisha moyo. Kundi moja liliongezewa damu kila wekundu uliposhuka chini ya 10. Kundi la pili lilisubiri hadi ushuke chini ya 8, au mgonjwa aonyeshe dalili za kuzidiwa. Baada ya siku 60, watafiti waliangalia nani anaweza kuvuka chumba bila kushikwa na mtu. Makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa. Katika kila kundi, watu 35 hivi kati ya 100 walikuwa wamefariki au hawawezi kuvuka chumba peke yao.

Maana yake ni kwamba damu ya kuongezewa ni matibabu ya upungufu mkubwa au wa hatari. Haitumiki kama dawa ya kumfanya mtu atembee. Kwa mgonjwa aliyetulia, mwenye 9 na asiye na dalili mbaya, chupa ya ziada haitampa hatua za ziada. Nayo damu ina hatari zake, hata ikipimwa vizuri: homa, mwili kuikataa, au mapafu kujaa maji kwa wazee wenye moyo dhaifu.

Lakini upande wa pili nao ni kweli. Wekundu ukishuka sana, au mgonjwa akiwa na maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio hata akiwa amelala, au kuzimia, damu inaokoa maisha na haipaswi kucheleweshwa. Chupa moja hupandisha wekundu kwa 1 hivi. Uamuzi ni wa daktari anayemwona mgonjwa pamoja na karatasi yake.

Kwa sababu hiyo familia ijiandae. Benki ya damu hujazwa na sisi wenyewe. Mtu mwenye afya njema, kuanzia miaka 18 na uzito wa kilo 50 na zaidi, anaweza kuchangia baada ya kupimwa. Wanaume wanaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu, wanawake miezi minne. Na tukumbushane, damu haiuzwi. Mtu akikutaka umlipe ili mgonjwa wako apate damu, mpeleke kwa uongozi wa hospitali.

Chakula na vidonge

Chuma kinachotoka kwenye maini, nyama, dagaa na samaki huingia mwilini kwa urahisi zaidi. Maharage, kunde, choroko, dengu, mchicha, matembele na kisamvu navyo vina chuma, lakini kinahitaji msaada. Msaada huo ni vitamini C: kamulia ndimu kwenye mboga, kula chungwa, pera au embe, au kunywa maji ya ubuyu pamoja na mlo.

Chai na kahawa hufanya kinyume. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula hushika chuma na kukizuia kuingia. Hatusemi mzee aache chai. Tunasema asogeze kikombe chake, anywe saa moja au mbili baada ya kula. Vidonge vya chuma navyo visimezwe kwa chai wala maziwa.

Vipi kuhusu soda nyekundu, juisi ya biti na rozela? Rangi nyekundu si chuma. Soda haina cha kumsaidia mgonjwa wa damu zaidi ya sukari. Biti na rozela ni vinywaji vizuri, lakini haviwezi kuchukua nafasi ya maini, dagaa, maharage au vidonge ulivyoandikiwa.

Mgonjwa asisahau pia vyakula vya kujenga mwili kama mayai, maziwa, samaki na maharage. Kidonda na misuli vinavihitaji. Nyama isigawiwe yote kwa wageni waliokuja kumpa pole mgonjwa, yeye akabaki na uji.

Vidonge vya chuma huweza kufanya choo kiwe kigumu na cheusi au cha kijani kibichi. Hiyo ni kawaida, mradi kisiwe cha kunata kama lami. Ukiona tumbo linasumbua, usiviache kimya. Muulize mhudumu, anaweza kubadili dozi au siku za kumeza. Na viwekwe mbali kabisa na watoto, kwa maana mtoto mdogo akimeza vingi anaweza kupoteza maisha.

Wenye selimundu wasome hapa

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa na selimundu. Chembe zao za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mishipa ya kichwa cha mfupa wa paja ikizibwa, mfupa hufa na kuporomoka. Ndiyo maana unaweza kumkuta kijana wa miaka 25 anachechemea na kuambiwa anahitaji nyonga bandia.

Kijana huyu ana upungufu wa damu tangu utotoni, lakini kwa kawaida si kwa sababu ya kukosa chuma. Chembe zake huvunjika kabla ya wakati. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, yake huishi wiki chache tu. Asimeze vidonge vya chuma bila kupimwa, hasa kama amewahi kuongezewa damu mara nyingi, kwa sababu chuma kinaweza kujaa mwilini na kudhuru ini na moyo. Upasuaji wake unahitaji maandalizi ya pamoja ya daktari wa mifupa na daktari wa damu, maji ya kutosha, kukaa kwenye joto na kudhibiti maumivu.

Kurudi kutembea hatua kwa hatua

Familia nyingi hukosea kwa kuchagua moja kati ya njia mbili. Wengine humlaza mgonjwa "mpaka damu ipande". Wengine humsukuma atembee mpaka aanguke. Njia sahihi ipo katikati.

Kulala si kupumzika tu. Watafiti nchini Marekani waliwaweka wazee wenye afya njema kitandani kwa siku 10, na wakaona wamepoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Aliyefanyiwa upasuaji akilala wiki tatu atapoteza zaidi, tena anajiweka kwenye hatari ya damu kuganda mguuni, homa ya mapafu na vidonda vya mgongo.

Siku ya kwanza. Hospitali nyingi humkalisha mgonjwa na kumsimamisha siku ileile au kesho yake. Akiwa amelala anaweza kuchezesha vifundo vya miguu juu na chini mara nyingi kwa siku.

Wiki mbili za mwanzo. Kabla ya kusimama, akae ukingoni mwa kitanda dakika mbili ili kichwa kitulie. Atembee safari fupi nne au tano kwa siku badala ya moja ndefu. Awepo mtu karibu. Ndani ya nyumba pawe na mwanga, na mikeka, kamba na vifaranga viondolewe njiani.

Hadi wiki ya sita. Safari zirefuke kidogo kidogo: leo mlangoni, kesho kutwa hadi jikoni, wiki ijayo hadi kwa jirani. Kipimo chake ni mazungumzo. Kama anaweza kutembea huku akiongea, mwendo unamfaa. Akishindwa kumaliza sentensi, akae apumzike, kisha aanze tena baadaye.

Wiki ya sita hadi mwezi wa tatu. Wengi huhama kutoka magongo mawili kwenda fimbo moja. Hapa ndipo damu ipimwe tena, hasa kama bado anachoka. Kazi nzito kama kubeba ndoo, kulima na kupasua kuni zisubiri ruhusa ya daktari. Nguvu kamili huweza kuchukua miezi sita hadi mwaka.

Nyumba zetu nazo zina mitego yake. Kwa wiki kadhaa za mwanzo, kulingana na aina ya upasuaji, wagonjwa wengi huambiwa wasikunje nyonga kupita pembe ya mraba, wasipishanishe miguu na wasizungushe mguu kuelekea ndani. Hiyo ina maana hakuna kukaa kwenye kigoda, mkekani wala kwenye kochi la chini linalozama. Choo cha kuchuchumaa ndicho hatari zaidi. Mwombe fundi seremala atengeneze kiti imara chenye tundu, kiwekwe juu ya shimo. Kabla ya kupanda bodaboda, apate ruhusa ya daktari. Anayesali anaweza kukaa kwenye kiti badala ya kusujudu au kupiga magoti mpaka aruhusiwe. Usiku aweke mto katikati ya mapaja.

Usisubiri asubuhi ukiona haya

Mrudishe mgonjwa kituoni haraka kama:

Anahema kwa shida akiwa amekaa au amelala, ana maumivu ya kifua, anakohoa damu, au anazimia.

Mguu, hasa ndama, umevimba, unauma na una joto.

Kidonda kinatoa usaha au damu isiyokoma, au ana homa.

Ghafla nyonga imeuma sana, mguu umekuwa mfupi au umegeuka, na hawezi kuukanyagia.

Choo ni cheusi cha kunata, au anatapika damu.

Ngozi ya viganja na ndani ya kope imekuwa nyeupe, na uchovu unaongezeka siku hadi siku badala ya kupungua.

Maswali ya kwenda nayo hospitali

Yaandike haya kwenye simu yako kabla ya safari. Wekundu wangu wa damu ni ngapi leo? Kama ni mdogo, sababu ni nini? Nianze vidonge lini na niendelee navyo mpaka lini? Ndugu zangu wachangie damu kiasi gani na lini? Baada ya upasuaji, nitapimwa tena siku gani? Nyonga yangu inakatazwa mikao gani, na kwa muda gani? Nani atanionyesha mazoezi, na nikirudi kijijini nimpigie nani?

Kila ukipewa karatasi ya majibu, ipige picha na simu. Karatasi hulowa na kupotea, lakini picha itamwonyesha mganga wa zahanati yako kwamba uliingia na 12, ukatoka na 9, na sasa uko kwenye 11. Kwa namba hizo tatu atajua kama unapanda vizuri au kuna mahali damu bado inavuja.

Kama una mgonjwa nyumbani, au wewe mwenyewe unasubiri tarehe ya upasuaji, tutumie swali lako kwa njia ya ujumbe. Tutalipeleka kwa wataalamu na kulijibu kwenye kipindi chetu cha afya.